Sauti Yako Imo Kwenye Gari Langu

Mpendwa mume wangu,

Usishtuke. Najua neno hilo hulitaki siku hizi, lakini ulilisema wewe kwanza, kwa mdomo wako, tena kwa kurudiarudia, na mimi nililizoea. Nakuandikia mbele ya watu kwa sababu namba yangu umeizuia, na rafiki yako aliyekuwa mshenga wetu, miezi yote ile alikuwa akiona napiga anajifanya yuko kanisani, hata siku ya Jumanne. Halafu ulinikana mbele ya watu. Basi na majibu yako utayapata hapo hapo, mbele ya watu.

Unakumbuka nilivyokuja kibandani kwako Mwanjelwa? Ilikuwa ile mvua ya Mbeya isiyojua kukoma. Wewe umekaa nyuma ya kompyuta, umejifunika blanketi la kijivu mpaka masikioni, umetoa mkono mmoja tu wa kubonyezea. Kigari changu kilikuwa kigeni kwangu bado. Redio yake ya Kijapani haikamati stesheni zetu, inakoroma tu, na kila nikiwasha kuna mama wa Kijapani ananiambia maneno ambayo mpaka leo sijui kama ni salamu au onyo. Nikakupa flashi tupu, nikasema niwekee nyimbo zozote nisisinzie barabarani. Wenzako wangeuliza napenda wanamuziki gani. Wewe uliuliza, "Dada, unatoka wapi unaenda wapi?"

Nikakwambia nakaa Uyole, nanunua mchele Chimala, naushusha Iringa.

"Basi tunapanga kwa barabara," ukasema.

Ukapanga kweli. Uyole kushuka mpaka Chimala uliniwekea kwaya, kwa kuwa ni asubuhi na mtu anatakiwa aanze na Mungu. Igawa kupanda Makambako ukaweka rumba za zamani, magitaa marefu yasiyo na haraka, ya kumtuliza mtu aliyekwama nyuma ya lori. Mafinga, kwenye mipaina na ukungu, ukaweka taarabu, ukasema ukungu unataka maneno makali. Sikuelewa ulimaanisha nini, ila nilipofika pale niliona ni kweli. Na kuanzia Ipogolo kupanda mjini ukaweka ngoma za vijana, ili niwafikie wanunuzi nikiwa nimechangamka. Hakuna mtu aliyewahi kunifikiria safari yangu nzima namna ile. Nasema ukweli hata kama sasa hivi ningependa kukurushia jiwe.

Ila nilipofika Inyala tu, kwaya ikiwa imepamba moto, sauti yako ikaingia katikati: "DJ Blanketi hapa! Baridi haituwezi!" Nilitukana peke yangu ndani ya gari. Wiki iliyofuata nikaja kibandani nimekunja uso, nataka nyimbo zisizo na wewe.

"Dada wa mchele, huo ndo muhuri wangu," ukajibu bila kutoa blanketi. "Nisipoweka sauti, kesho jirani hapa ananakili zote anauza yeye. Warusha nyimbo wote tunafanya hivo. We vumilia, utanizoea."

Nilikuzoea. Hilo ndilo kosa lako kubwa, kwamba ulifanya juu chini nikuzoee.

Kisha ukaanza kuja kurekodi ndani ya gari langu. Kibandani kulikuwa na kelele za soko, ukasema gari likifungwa vioo ni studio tosha. Tulikuwa tunaegesha kule juu karibu na mashamba ya utafiti, unajifunika blanketi na simu yako, mimi nakaa kwenye usukani nimebana pumzi. Nikiwasha gari kupasha joto, yule mama wa Kijapani anasema maneno yake, na wewe kutoka ndani ya blanketi unamwitikia kwa Kihehe, "Kamwene, mama!" Nikawa nacheka mpaka tunaanza upya. Ulikuwa unakasirika uongo na kweli. "Tuse, ukicheka tena naiacha hivohivo na kicheko chako ndani."

Siku uliyotoka Tukuyu kwa mama yangu, posa yako ikiwa imepokelewa, uliiacha hivyohivyo. Tulikuwa tumekula ndizi na nyama, shangazi yangu amekuimbia mpaka umeona haya, mama amesema ng'ombe watafuata baada ya mavuno, hana haraka na kijana mwenye adabu. Tulivyorudi Uyole hukutaka hata kushuka garini. Ulijifunika blanketi lako na ukasema maneno ambayo baadaye uliyabandika kwenye kila wimbo uliokuwa nao, kwaya kwa rumba, taarabu kwa ngoma za vijana:

"Unasikiliza muziki wa DJ Blanketi, mume wa Tusekile wa Uyole. Mke wangu, Mungu akutunze barabarani. Endesha taratibu, Igawa kuna matuta."

Na mwishoni kabisa nacheka mimi. Siyo kicheko cha kuchekeshwa. Mtu yeyote mwenye masikio anajua ni kicheko cha nini.

Nilihamishia vitu vyako kwangu. Mavuno yakaja, ukasema mahindi ya kwenu yamebunguliwa. Mavuno mengine yakaja, ukasema baba anaumwa mguu. Mama akauliza mara moja, nikakutetea kwa ukali mpaka akanyamaza. Halafu ukapata wazo la kufungua kibanda Iringa mjini. Ukaondoka na kompyuta mpya, ile kuukuu iliyokatika bawaba ukaiacha chini ya kitanda. Nilikuwa nakupitia kila nikishusha mchele. Siku moja nikakuta kibanda kimefungwa na fundi simu wa jirani akaniambia kwa huruma, "Dada, huyu kaenda kanisani, si anatangaziwa ndoa?"

Nikadhani anatania. Sikuwa na mtu wa kumlilia pale, nikashusha mchele wa watu, nikageuza gari.

Nilikuja kwenu Tanangozi na shangazi. Hatukuja kufanya fujo. Tulivaa vitenge vyetu vya heshima, tukasalimia wazee mmoja mmoja, kamwene, kamwene, tukakaa tulipoonyeshwa. Baba yako akakuita, ukaja na shati lililopigwa pasi. Nilitamani kujua nani amelipiga. Baba yako akauliza mbele ya wote, "Mwanangu, huyu mama unamfahamu?"

Ukanitazama. Nilikuwa bado na matumaini ya kijinga, nakwambia ukweli. Nilidhani utaona haya, utasema maneno mengi ya kujikanyaga, utaomba muda. Kumbe ulikuwa umejipanga.

"Namfahamu, wazee. Alikuwa mteja wangu kule Mbeya. Mteja mzuri tu."

Shangazi alisimama. "Mteja? Tangu lini mteja anamfulia mwenye duka soksi?"

Baba yako akamtuliza. Akauliza kama ng'ombe walifika kwetu. Hawakufika. Akauliza nani alileta posa. Tukamwonyesha rafiki yako, alikuwa amekaa pale pale kwenye benchi. Yule bwana akatazama viatu vyake, akasema yeye alikusindikiza tu Tukuyu, hakumbuki ilikuwa safari ya nini. Alikula mapaja mawili ya kuku wa mama yangu na hakumbuki ilikuwa safari ya nini! Baba yako akakuna kichwa. Akasema, "Mama zangu, bila ng'ombe na bila shahidi mnatuweka pagumu." Sikumlaumu. Alihukumu kwa alichopewa.

Ungeishia hapo, leo usingekuwa unasoma barua hii. Ningekwenda nyumbani nikalie, nikaolewe na aibu yangu mwenyewe, mama yangu angetazamwa kule Tukuyu kama mama wa binti aliyejipeleka kwa mwanamume bila posa. Ungekuwa umeshinda. Lakini tulipofika kwenye gari ulinifuata. Uliinama dirishani, ukasema kwa sauti ya chini, "Tuse, zile nyimbo za zamani zifute. Flashi yote. Nakuomba."

Mimi wala nilikuwa sijazikumbuka. Kichwa changu kilikuwa kimejaa soksi na shati lililopigwa pasi. Wewe mwenyewe ndiye uliyenikumbusha, DJ Blanketi. Ahsante sana.

Niliendesha mpaka tulipoingia kwenye mipaina ya Mafinga, ndipo nikachomeka flashi. Taarabu ikaanza, kisha ukaingia. Mume wa Tusekile wa Uyole. Mke wangu, Mungu akutunze barabarani. Shangazi alishika dashibodi kwa mikono miwili.

"Simamisha gari."

Nikaegesha.

"Rudisha nyuma nisikie."

Nikarudisha. Akasikiliza mpaka kwenye kicheko changu, akafunga macho. "Si huyuhuyu? Si ndo huyuhuyu wa leo? Geuza gari, mwanangu. Tunarudi palepale, tunawafungulia milango yote wasikie."

Nikamwambia hapana. Shangazi ana hasira za moto wa mabua. Zangu ni za mkaa. Tukirudi, wangesikia watu waliokuwa kwenye benchi, basi, na wewe ungepata la kusema. Mimi nilitaka isikie barabara nzima. Ulinikana kwenye uwanja mmoja, nami nikaona nikutangaze kuanzia Uyole mpaka Iringa, kwa sauti yako, kwa mpangilio wako, kila wimbo mahali pake.

Kompyuta yako kuukuu niliitoa chini ya kitanda, nikaifunga bawaba kwa kipande cha mpira. Kurusha nyimbo ulinifundisha mwenyewe, unakumbuka? Ulisema nina mkono mwepesi. Nikaanza pale Uyole, malori yanaposimama na madereva wanapokunywa chai. Nilikuwa namwambia kila mtu, "Kaka, una flashi? Lete nikujazie. Bure." Nani anakataa? Wa magari madogo wakaja, wa malori ya mbao na karatasi ya Mgololo wakaja, wa bajaji wa Ipogolo wakatumiana wenyewe kwa wenyewe. Nyimbo zile zile ulizokuwa unauza Iringa baada ya kulitoa jina langu, mimi nagawa bure. Wateja wako wakaanza kupungua, nikasikia. Nikafurahi. Sioni kwa nini nifiche.

Wakaanza kukuita mume wa Tusekile. Nilihadithiwa na dereva mmoja kwamba umepita stendi wakakupigia kelele, "Shemeji, Uyole hawajambo?" Ukaenda ukanunua viazi usivyovihitaji ili upate pa kugeukia. Nilimwomba anihadithie tena, na akanihadithia.

Ndipo ukatoa utetezi wako mpya. Ukawaambia wazee wa kanisa kwamba ile si sauti yako, ni sauti iliyotengenezwa na mitambo, siku hizi kompyuta inaweza kumsemesha mtu yeyote. Kwamba mimi ni mwanamke mwenye wivu nimekulipizia kwa teknolojia. Watu wengine waliamini. Hata mimi ningekuwa sikujui ningeamini, maana unavyoongea unajiamini. Siku zile nilikaribia kukata tamaa. Nilikuwa nazima redio, naendesha na yule mama wa Kijapani peke yake.

Halafu simu ikaita mchana mmoja nikiwa Chimala napima mchele. Ilikuwa namba ya dereva niliyemjazia nyimbo. Akasema, "Mama, kuna mzee hapa ndani ya gari anataka kuongea na wewe." Alikuwa baba yako. Alikuwa ametoka mazikoni Mafinga, amepanda gari dogo arudi nyumbani, na dereva kafungulia muziki.

Tulisalimiana kama wanavyosalimiana wakubwa, taratibu, mpaka hali ya ng'ombe na mvua. Nikasikia injini, nikasikia taarabu yangu nyuma yake.

"Mwanangu," akasema, "siku ile nilikuuliza shahidi."

"Ndiyo, baba."

"Nimemsikia. Nimemwambia huyu dereva arudishe wimbo mara tatu, nimemsumbua kweli. Mwanangu mwenyewe namjua hata akikohoa gizani, hakuna mashine ya kunidanganya. Lakini siyo yeye aliyenisadikisha." Akapumua. "Ni wewe. Kile kicheko siyo cha mteja. Mke wangu marehemu alicheka hivyohivyo siku niliyompeleka nyumbani. Utusamehe, mkamwana."

Niliweka simu chini nikakaa juu ya gunia. Wanawake wa sokoni walidhani nimefiwa, wakaja kunishika. Nilikuwa nalia kwa sababu kuna mtu amenipa jina langu, na nililihitaji kuliko nilivyojua.

Yaliyofuata unayajua. Matangazo yamesimamishwa. Wazazi wa binti wa watu wameomba maelezo, na yule binti mimi sina ugomvi naye. Alidanganywa kwa shati lililopigwa pasi kama mimi nilivyodanganywa kwa blanketi. Na mshenga wetu kumbukumbu zimemrudia! Simu yake sasa inapatikana hata usiku wa manane. Juzi kaniletea ujumbe kwamba baba yako ameamua ng'ombe waende Tukuyu, na kwamba wewe uko tayari "kuyamaliza". Ati umekonda. Ati umesema tulipendana sana na shetani aliingia kati.

Tulipendana, hilo sikatai, na ushahidi ninao, upo mpaka Mgololo. Nitakwambia na jambo jingine, ulichukue likusumbue. Pale Igawa bado napunguza mwendo. Si kwa ajili ya matuta. Matuta nayajua kwa macho yangu. Napunguza kwa sababu sauti yako inaniambia hivyo, na mguu unatii kabla sijaukataza. Kuna siku nachukia huo mguu. Kuna siku nauacha tu, naisikiliza ile sauti mpaka mwisho, na namwonea huruma yule mwanamke anayecheka.

Lakini majibu ya wazee nilishayatoa, na wewe nakupa yako. Baba yako nimemwandikia kwa heshima, nimempelekea na gunia la mchele mzuri wa Chimala, kwa sababu alinisikia. Ng'ombe wake abaki nao. Nyimbo sifuti hata moja, wala usinitume mtu kuniomba. Na atakayesimama Uyole na flashi yake nitamjazia.

Kuhusu mimi na wewe, wazee wenu wamelikataa lile neno ulilolisema siku ile. Wamesema mimi sikuwa mteja, nilikuwa mke. Nimewashukuru, maana nililitaka lisemwe na limesemwa. Sasa nalichukua neno lako mwenyewe, lile la mteja, nalikubali mbele ya watu wote wanaosoma hapa. Mke angehitaji kikao, mashahidi na siku ya kurudisha vitu. Mteja anatoka dukani, anakwenda zake, na mwenye duka hana la kumwuliza.

Kwaheri, DJ Blanketi. Mungu akutunze barabarani. Endesha taratibu, Igawa kuna matuta.

Aliyekuwa mteja wako,
Tusekile wa Uyole